Kivuli cha ukuta wa Mama Aika

Alhamisi, mwezi wa kumi na moja. Mvua imekuja asubuhi, ikalowesha nguo za watu kwenye kamba, ikaondoka zake. Sasa kumetulia. Moyo wangu nao hata sijui niuelezeje. Umejaa maswali leo.

Mie nasema, Zuhura anaandika. Zuhura ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu Shabani. Huu ukurasa wa mtandaoni kaufungua yeye, anasema bibi unaongea sana, bora maneno yako yaende kwa wengi kuliko yaniishie mie peke yangu. Kalamu mie sijashika. Kwetu Msimbu, kule Kisarawe, enzi zile mtoto wa kike alishika mchi na jembe. Basi nikizunguka mnivumilie.

Nataka kusema habari ya kivuli.

Nyumba yetu iko Sofu, hapa Kibaha. Upande wa jikoni kuna uwanja mwembamba, kati ya nyumba yetu na jirani. Hapo ndo kwangu. Shabani ana sebule yake, mkewe ana jiko lake la gesi, mie nina uwanja. Hapo nachambua mchele, hapo natia udhu, hapo natandika mkeka mchana. Nilikuwa na matembele hapo, nina bamia, nina mchaichai, nina pilipili mbuzi mpaka majirani wanakuja kuomba.

Halafu Mama Aika akapandisha ghorofa.

Mama Aika ni jirani yangu, Mchaga wa Machame, mjane kama mie, na kwa umri tunakimbizana. Mumewe alihamishiwa huku kikazi, wakajenga, akafa, mama wa watu akabaki. Alikuwa shoga yangu. Yeye akikamua ng'ombe wake ananiletea maziwa, mie nampelekea kisamvu kilichotwangwa tayari, maana kutwanga hajui, anakivunja vunja tu kama anaua nyoka. Sasa watoto wake wakapata, wakamjengea mama yao ghorofa. Mie nilifurahi. Siku ya kumwaga zege nilipika chai ya mafundi.

Kumbe nashangilia kunyang'anywa jua.

Maana ukuta ulivyokwenda juu, kwangu jua lilikatika. Asubuhi liko nyuma ya ghorofa. Mchana bati letu limetokeza, linaziba ile nafasi iliyobaki. Jioni nyumba yetu yenyewe inalizuia. Matembele yakanyong'onyea. Ardhi ikafanya utando wa kijani, unateleza. Na ule ukuta upande wa kwangu hawakuupiga hata plasta, tofali tupu za kijivu, kama uso wa mtu aliyenuna.

Mama Aika hakusema kitu. Mie nikaona nianze vipi kumwambia mtu punguza nyumba yako? Nikanyamaza. Salamu zikawa za mbali, zikawa za kutikisa kichwa, halafu zikaisha. Hivyo tu. Hatukugombana hata siku moja.

Juzi Shabani akaniambia kwa upole, maana ni mtoto mpole, kwamba Jumamosi hii fundi anakuja kuweka pevingi, vile vitofali vya kutandika chini, uwanja mzima. Anasema pale hapaoti kitu cha maana, nitateleza nivunjike nyonga. Nitawekewa kiti kizuri sebuleni, nitazame tivii.

Nikamwambia nipe mpaka Jumamosi.

Akauliza mpaka Jumamosi ya nini. Nilijua kitu kimoja tu: wakishafunika ule udongo, mie hapa nyumbani sina tena pa kuchimba. Nitakuwa mgeni anayekaribishwa kwenye kiti.

Sasa ngoja niseme nilivyohangaika kabla ya hapo. Kosa langu la kwanza, nilipanda mchicha. Si ndo ninaoujua? Ukaota, ukapanda juu, mrefu, mweupe, shingo nyembamba, haujiwezi. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu mwali katoka ndani. Maana sisi Wazaramo msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, hatoki, haoni jua. Mie niliwekwa kwa shangazi yangu, chumba giza, dirisha kama tundu la panya. Nilipotolewa nje macho yaliuma na ngozi imetakata, watu wananisifu. Lakini miguu! Kutembea kama mtoto. Zuhura anaandika huku ananitazama. Andika mwanangu, hayo ndo mambo yalivyokuwa.

Ila nilijiuliza. Mbona mie sikufa mle ndani? Nilinenepa hata. Basi kuna vinavyokaa kivulini vikanenepa, kosa langu ni kuchagua.

Ndo mwezi uliopita nikaenda Msimbu kwenye arobaini ya binamu yangu. Watu wanakula pilau, mie nikajitenga kidogo, nikaingia kwenye kile kimsitu kilichobaki nyuma ya shamba la mdogo wangu Mwajuma. Akanifuata, anasema dada unatafuta choo? Nikamwambia natafuta nani anaishi humu. Akanishika paji la uso kama nina homa.

Lakini jamani, mle ndani jua haliingii na hapana nafasi ya kuweka mguu! Kangaga zimejikunja vichwa kama mkia wa kinyonga. Magimbi kwenye bonde, jani moja unamfunika mtoto. Mimea mingine sijui jina, ya majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Maua hayapo, au yapo madogo ya kujificha. Nikagundua mle hakuna anayeringia ua. Wote wanaringia jani. Jani pana, jani la mistari, jani la mabaka meupe. Nikasimama hapo mpaka Mwajuma akaniambia pilau inaisha.

Nikarudi Kibaha na magimbi, kangaga, na vipande vya tangawizi na binzari. Nikapanda. Yakashika. Si kwa fujo, lakini yakashika.

Bado palikuwa na giza. Hilo lilinisumbua. Msituni ni giza lakini si giza la huzuni, kuna vijimwanga vinachungulia, vinahama hama. Kwangu kile kivuli kimelala kimoja tu, kama mfuniko wa sufuria. Nikawa nakaa nakitazama. Mkwe wangu akadhani nasali.

Halafu siku moja Zuhura akaanika shuka jeupe kwenye kamba, karibu na ule ukuta. Mie nipo mkekani nahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Ghafla uzi ukaingia. Nikainua kichwa, nikaona uwanja umechangamka. Nikamwambia Zuhura litoe hilo shuka. Akalitoa, pakafifia. Lirudishe. Pakachangamka. Tulilitoa na kulirudisha mpaka akachoka.

Kumbe mwanga upo huko juu, unapita. Unataka kitu cheupe cha kuurudisha chini.

Ule ukuta ungekuwa mweupe! Ila ukuta ni wa Mama Aika, na Mama Aika hatusemezani. Hapo nikakwama.

Basi jana. Jana nilikwenda kwa wale wauza miche pale barabarani, nikamwambia kijana nitafutie kitu kisichotaka jua. Akanionyesha mmea wa majani marefu kama upanga, yana mstari wa njano, anasema huu ukiuweka juani ndo unaungua. Akaniongezea na vishina vya kuchomeka, vingi, kanionea huruma ya uzee. Mfuko hana. Kamba hana. Nikafanya tunavyofanya shambani kwetu, nikachukua jani lake mwenyewe refu, nikazungusha, nikapiga fundo, nikajitwisha.

Nafika nyumbani, geti limefungwa, hakuna mtu. Ufunguo tunaacha duka la kona. Mzigo umenichosha shingo, nikauweka kwenye baraza ya Mama Aika ya nje, ile ya saruji, nikafuata ufunguo. Nikamkuta muuza duka anataka habari za Msimbu, nikampa. Narudi, mzigo haupo.

Niseme ukweli wangu hapa. Sikuwaza mbuzi, sikuwaza watoto. Niliwaza Mama Aika. Nikasema moyoni, huyu mwanamke kachukua jua langu na sasa kachukua na miche. Nikalala na hasira, chakula sikumaliza.

Leo asubuhi, mvua ndo imekatika, nasikia hodi upande wa jikoni. Mama Aika. Kavaa kitenge cha kanisani, siku ya kazi. Na ule mzigo wangu kaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, macho mekundu.

"Bi Mwamvua," akasema, "nimepokea. Yamekwisha."

Nikamwambia kapokea nini, hiyo si miche yangu? Akanitazama. Akasema si nimemletea isale, tena nimefunga fundo? Nikamuuliza isale ndo nini. Akakaa kwenye ndoo, akanieleza. Kwao ule mmea wanauita isale, na si wa urembo. Mtu akikukosea, akitaka msamaha, anakuletea jani la isale limepigwa fundo. Ukishaletewa huwezi kukataa. Hata kama alikuulia ng'ombe, hata kama hamjasemezana miaka, unapokea, yanaisha.

Mie damu ikanipanda. Msamaha nikuombe mie? Nani kamzibia mwenzie jua? Mdomo nikaufungua nimwambie, lakini akaniwahi.

"Sijalala," akasema. "Wa kuleta nilikuwa mimi. Nakuona kila siku kutoka dirisha la juu unahamisha mkeka unatafuta jua. Nasema kesho nitashuka. Na isale ninalo mwenyewe, limejaa nyuma ya banda. Sasa umenitangulia wewe."

Jamani.

Ningeweza kunyamaza. Shetani alinishauri, akaniambia acha hivyo hivyo, umeshaonekana mtu mwema bila jasho. Lakini mtu kavaa kitenge cha kanisani kwa ajili yako, utamdanganya vipi?

"Mama Aika, nisikufiche. Mie nilikuwa nafungia mzigo. Sikuwa na kamba."

Akautazama ule mzigo. Akanitazama. Nikaona mabega yanaanza kutikisika, nikajua analia tena, kumbe anacheka, anacheka mpaka ndoo inamponyoka anakaa chini kwenye matope na kitenge chake.

"Mzaramo wewe," akasema, "umeniliza usiku kucha kwa kamba ya mzigo."

Nikamwambia nyie Wachaga mnaogopa majani, sisi tunayatwanga. Hapo tulicheka wote, mkwe wangu akatoka na mwiko mkononi kutazama kuna nini.

Mama Aika akainuka, akaondoka bila kuaga. Nikadhani nimezidisha. Akarudi na jani la kwake, bichi, lina maji ya mvua bado, akalipiga fundo mbele yangu, akanipa kwa mikono miwili. Akasema hili ndo lenyewe, lile la jana tusahau. Nikalipokea. Ningefanyaje? Si kashaniambia halikataliwi.

Ndo nikamwonyesha habari ya shuka. Tukaanika shuka, tukalitoa, na yeye macho yakamtoka kama yangu siku ile. Tukasimama tunatazama ukuta wake kwa upande wangu, anasema hajawahi kuuona huku, toka juu anaona mkeka tu, hajui kama ni mbaya hivi.

Shabani karudi kutoka kazini jioni hii, akatukuta wawili tumekaa, anatoa shikamoo zake huku anatazama matope yote yale. Mama Aika akamwambia huyo fundi wa Jumamosi anamchukua yeye, ana ukuta wa kupiga plasta na chokaa. Shabani akaupima uwanja kwa hatua. Akasema basi pevingi iwekwe njia tu, kutoka mlango wa jiko mpaka bombani, mama asiteleze. Nikakubali. Nyonga ni yangu, siwezi kuibishia.

Kwa hiyo sasa kichwani mwangu kumejaa. Magimbi nitayasogeza karibu na bomba, yanapenda maji. Hayo masale yakae mbali, yule kijana wa miche alisema yakilowana sana yanaoza shina. Kangaga chini ya dirisha. Ule utando wa kijani unaoteleza nilikuwa naukwangua, sasa nauacha kwenye pembe, mtu hapiti hapo, nione utafika wapi. Na mchaichai? Huo Mama Aika kasema niupande kwake upande wa mbele, kuna jua la kumwaga, nivuke nichume ninapotaka.

Lile jani la fundo nimelichomeka ukingoni mwa kitanda. Zuhura kaacha kuandika, ananiuliza bibi, lakini umemsamehe kweli, au kwa sababu jani halikataliwi?

Swali gumu hilo. Nimelizungusha hapa mpaka Zuhura kachemsha chai. Maana hasira niliyolala nayo jana naitafuta siioni, na sijui ilitokea mlango gani.

Andika nimemsamehe. Halafu andika chini yake, chokaa ipakwe mara mbili.