Rehobothi Bado

Alhamisi, 12 Julai 2018

Na bado nasema sikukosea. Kanisa letu limehamia ukumbi wa tatu hapa Hillbrow, na kabla hata ya ibada ya kwanza Mama Furaha wa kwaya ameshatengenezesha kibao: Rehobothi. Neno tamu la Kiebrania, maana yake nafasi pana.

Kwenye kikao leo niliwakumbusha lilikotoka. Isaka alichimba kisima, watu wakakigombania, akakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili vilevile, akakiita Sitna, uadui. Cha tatu hakuna aliyekigombania, ndipo akasema Rehobothi. Alichimba kwanza, jina likaja baadaye.

"Papa Mwalimu, jina ni imani," Mama Furaha akanijibu. "Tulitaje, litimie."

"Ukumbi wa kwanza tuliuita Salemu, mahali pa amani. Tulifukuzwa kwa kelele."

Hata mchungaji alicheka. Mama Furaha hakucheka, wala hakunipa mkono wakati wa kuondoka. Eish, hilo linanisumbua.

Kibao kimeegemezwa, kinatazama ukuta. Jumapili tutaimba kwa ngoma zote. Jirani wa juu akigonga sakafu yake, ni Eseki. Akinyamaza, nitapanda ngazi nikitundike kibao mwenyewe.