Mgongo wa Kisiwani, Mgongo wa Bara

Mpendwa mshauri wetu wa gazetini, Doña Nereida, naomba msaada wako na naomba usitaje jina langu, kwa sababu hapa Yauco, mji wetu mdogo, ukipiga chafya asubuhi, kufikia mchana muuza mikate anakuuliza mafua yanaendeleaje, na mimi ni msichana wa miaka kumi na sita ambaye hata kuomba chumvi mezani naona haya, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Shida ni mgongo wa babu yangu Chago. Yeye na rafiki yake Efraín walikuwa kwenye lori moja vitani kule Vietnam, likakanyaga bomu moja, wakarushwa kwenye mtaro mmoja, wakarudi na migongo iliyoumia vile vile, ila Efraín akahamia bara, ng'ambo ya bahari yalipo makao ya serikali yetu, kwenye baridi na babu akabaki hapa kisiwani na kahawa yake, na sasa serikali ile ile, kwa sheria ile ile ya kuwalipa walioumia vitani, inasema mgongo wa Efraín umeharibika asilimia sabini na wa babu asilimia ishirini, kwa hiyo nadhani lile bomu lilijua mapema nani atahamia wapi. Krismasi Efraín alikuja kututembelea, akakaa barazani anakula nguruwe wetu wa kuchoma, akamwambia babu, "Chago, mgongo wako wewe ni wa mtumba."

Babu akacheka. "Na wako umenunua wapi?"

"Bara, ndugu yangu. Kule wanapima mgongo. Huku kwenu wanapima tabasamu."

Shangazi Awilda, ambaye naye anaishi bara, alipopata habari akasema dawa ni babu ahamie kwake, achukue anwani ya kule ambako migongo inaheshimiwa, na tiketi ya ndege ameshakata, na babu, ambaye hajawahi kubishana na binti yake, alisema "haya" kisha akaanza kugawa kuku wake kwa majirani, na kila jirani anayeondoka na kuku natamani nimkimbize.

Kabla ya safari imebaki nafasi moja, uchunguzi mpya wa mgongo wiki ijayo, na daktari yuko bara, atatokea kwenye skrini, Kihispania hajui, na kwa kuwa mimi nasoma shule ya lugha mbili ukoo mzima umenichagua mkalimani bila kuniuliza. Sasa Doña, babu akiulizwa hali yake hujibu "bregando", na wewe unajua neno letu hilo, kimbunga kikibeba paa mtu anakwambia bregando, nasukuma tu, na mume akikimbia, bregando. Mara iliyopita mkalimani wa kukodiwa alimwambia daktari "anamudu", daktari akaandika anamudu, na babu mwenyewe alikuwa amevaa guayabera, shati letu la sherehe, iliyopigwa pasi mpaka mikono, kanyoa ndevu, fimbo kaificha kwenye gari, utadhani anakwenda kuposa.

Shangazi ananiambia, "Ongeza chumvi, mtoto. Sema hawezi hata kugeuka kitandani." Babu ananiambia, "Utasema nilichosema mimi, neno kwa neno. Sikwenda vitani ili nije kulia mbele ya televisheni." Nikiongeza nimemsaliti, nisipoongeza anapanda ndege, na tafadhali usiniambie nizungumze naye, kwa sababu tunakuwa wawili tu asubuhi ninapomfunga kamba za viatu kabla ya shule, maana kuinama hawezi, na hapo yeye huangalia ukuta na mimi huangalia viatu. Nifanye nini?

Mjukuu Mwenye Haya, Yauco

*

Mjukuu Mwenye Haya,

Kwa mtu asiyeweza kuomba chumvi, umeongea. Uliniomba nifiche jina lako, kisha ukanitajia ukoo mzima. Nimeyabadilisha majina yote, utanishukuru siku nyingine.

Pole, mwanangu. Sasa sikiliza.

Shangazi yako namsalimu, maana najua anasoma. Mama, anwani haiponyi mgongo. Mpeleke mzee huko bara, aingie kwa daktari na shati la pasi aseme bregando, atatoka na asilimia zake ishirini na mafua juu. Kweli, ofisi ya huko ina mkono wazi na ya hapa ina ngumi, na hilo linaudhi. Wakubwa ukiwauliza wanasema wanalishughulikia. Nao bregando.

Chumvi usiongeze. Daktari akinasa uongo mmoja, na ukweli wenu wote umekwenda nao. Lakini yule mkalimani wa kwanza hakutafsiri, alipunguza. Bregando si "anamudu". Bregando ni mtu aliyezama mpaka kidevuni, anakuambia kichwa bado kiko juu. Sema hivyo hivyo. Babu alitaka neno kwa neno, hakusema neno moja kwa neno moja. Ukishikwa na haya, liandike usome.

Huyo Efraín, mchekeshaji wa barazani, aandike alichokiona siku ya lile lori na atie sahihi. Na kabla ya uchunguzi nendeni kwa mwakilishi wa chama cha maveterani wa vita, hatozi kitu, na kazi yake ni kugombana na ofisi hizo ili msigombane ninyi kwa ninyi.

Linabaki jambo moja, na hili litakuuma. Asubuhi ya uchunguzi, babu yako atavaa guayabera yake, atakaa kitini, atanyoosha mguu na kuangalia ukuta. Wewe simama. Mwambie, "Babu, leo sifungi." Aende vile vile mbele ya skrini, kamba zikiburuzika pale daktari anapoweza kuziona, na daktari akiuliza kulikoni, mtafsirie babu swali hilo unyamaze. Mzee wako hujikaza, lakini sijasikia kwamba hudanganya.

Atakasirika. Mwache. Mwambie kama anamudu, ainame azifunge mwenyewe. Akiweza, mgongo wake ni wa asilimia ishirini, na mimi nitamwomba radhi hapa hapa gazetini. Asipoweza, wewe kawadai majirani kuku wake.