Kimya cha Dada Yako Mwatumu

Nguvumali, Tanga
9 Februari 1954

Mpendwa shemeji Sabiha,

Salamu kwanza. U hali gani huko Mombasa? Mumeo Idarusi kifua kimepoa? Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulilahi. Barua hii naandika kwa mkono wangu, herufi za chuo cha Kurani, sikuandikiwa na mtu. Wazee wenzangu wengi hawawezi.

Habari ya msiba wa dada yako ulipata kwa simu ya maandishi, maneno matano tu. Leo nakupa mengine, ambayo hata binti yangu Mastura sijamwambia.

Unamjua dada yako. Kila baada ya alasiri akikaa uani na miyaa yake ya ukindu, akisuka ukili wa mkeka. Mikono yaenda, yeye kimya, kama hayupo. Nami unanijua: toka hapa mpaka Pongwe, kwenye zikri hakuna sauti ipitayo yangu, mwaka wa thelathini huu. Nikaona vibaya. Nikamuuliza, "Wazikiri moyoni?"

"La, Baba Mastura. Nasuka."

"Basi huko uendako ni wapi?"

Akacheka. "Siendi popote, nimetulia tu. Nawe kaa ujaribu, ila hutaweza, utapiga kelele."

Neno lile liliniuma. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo kuuliza: utulivu usio na nia wala jina la Mungu, ni ibada? Akasema si ibada, wala si dhambi. Mimi nikachukua nusu ya kwanza, nikarudi nyumbani kama mtu aliyeshinda shauri. Nikamwambia mtu mzima hatulii bure. Ama amtaje Mola, ama aongee kama wenzake. Miyaa yote nikampa jirani yetu Praxeda, mke wa Tadeo mkata mkonge.

Hakubisha. Miezi saba akawa hana pa kutua, mara jikoni, mara mlangoni, afagia palipokwisha fagiwa. Mimi najisifu msikitini kwamba nimemrudisha njiani. Kisha ikaja homa, siku nne.

Siku ya nne watu wakaniambia nimpe radhi zangu, kama ada ya mume. Nikatoa kwa sauti, nyumba nzima ikasikia, wakanisifu. Yeye akanitazama tu. Zake sikuomba. Halikunijia hata kidogo, shemeji, kwamba nami ninazo za kuomba.

Baada ya arobaini Praxeda akaniambia Mwatumu alifika kwake siku moja katika miezi ile saba, akaomba ashike ukili kidogo. Akasuka kama shibiri moja, akamrudishia. Akasema, "Mume wangu hataki," akaenda zake.

Sasa kwenye zikri nafungua kinywa. Sauti ipo, mimi simo.

Nakuomba jambo moja. Mfungo Mosi uliopita, baada ya Ramadhani, dada yako alikaa kwako majuma mawili. Kama alisema neno juu yangu, niandikie vile vile alivyolisema, usilitie sukari. Kama aliniwia radhi, nijue. Kama hakuniwia, andika pia. Majibu mazuri nimekwisha kujipa mwenyewe, wala siyaamini. Na usimpe Idarusi akuandikie, andika wewe uliyezaliwa naye tumbo moja.

Nisalimie Idarusi, na mama mkwe wako, umbusu mkono kwa niaba yangu. Mastura awasalimu wote. Mungu awape afya na awaweke pamoja muda mrefu.

Ni mimi nikupendaye, shemeji yako, bado mume wa Mwatumu,

Mwinyijuma