Bibi Ruth na Treni ya Chicago

Al Barsha, Dubai

Mume wangu Elia,

Nimeandika "mume wangu" kisha nikaweka kalamu chini, nikacheka peke yangu jikoni. Bado neno hilo lina harufu ya maua ya kanisani! Hujambo, mpenzi? Kifua kimepona? Na mama, mguu unamruhusu kwenda shambani, au anajilazimisha tu? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio mzito, na sikupiga simu kwa sababu ningelia na usingenielewa.

Bibi Ruth aliondoka jana.

Ni yule mama mzazi wa madam, mwajiri wangu, niliyemtunza tangu nifike, aliyepoteza kumbukumbu. Kila asubuhi aliniuliza upya, "Binti, umeolewa?" Nami kila asubuhi nikamsimulia harusi yetu tangu mwanzo: shela, mvua, wewe ulivyokanyaga gauni langu mbele ya mchungaji. Akapiga makofi kama ndiyo kwanza anasikia. Nani mwingine angenivumilia hivyo?

Naye akanisimulia mji wake, Chicago. Alidhani bado tupo huko. Dirisha letu linatazama reli ya metro, treni ya mjini, iliyo juu ya nguzo, na kwao nako treni hupita juu ya barabara, basi kwake ikawa ile ile. Alinieleza jinsi mji ulivyokuwa wa mbao, moto ukala sehemu kubwa, watu wakajenga upya kwa chuma, ghorofa juu ya ghorofa. Ng'ombe na ngano vilifika kwa treni kutoka mashamba ya mbali, vikauzwa pale, mji ukatajirika. Mumewe, Walter, alifanya kazi kwenye hizo reli. Akasema hata mto wao waliugeuza utiririke kinyume, uchafu usiingie ziwani wanakochota maji ya kunywa.

"Bibi, mto haugeuzwi!"

"Wewe hujatuona sisi, msichana."

Jumapili Walter alimpeleka kwenye makumbusho kutazama mifupa ya mnyama mrefu kuliko nyumba, kisha ufukweni mwa ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Hadithi ilipofika hapo alinishika mkono kana kwamba mimi ndiye Walter, nami nikakukumbuka wewe.

Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. "Mbona Walter hajarudi?" Walter alikufa zamani, Elia. Madam aliwahi kumwambia ukweli, Bibi akalia kama mjane wa siku ile, na kesho yake akauliza tena. Basi mimi nikawa namwambia, "Treni imechelewa, Bibi. Atakuja na inayofuata." Metro ikisikika, anatengeneza nywele. Ikipita bila mtu kubisha hodi, anasema, "Haya, inayofuata," na anatulia.

Sasa madam ameamua kumrudisha Chicago, Bibi akamalizie uzee karibu na dada yake. Akaniita sebuleni. "Neema, nenda naye. Miaka miwili tu. Viza nitashughulikia, na mshahara utapanda." Najua nyumba yetu haina paa. Najua pia ungesema niende, ndiyo maana sikukuuliza. Nimekataa. Nisamehe, mpenzi.

Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Nilimnong'oneza nesi mpya anayesafiri naye ile habari ya treni, akasema, "Khalas, basi, sista, nimeelewa," huku anatafuta pasipoti. Hakunisikiliza. Ndipo Bibi akanishika.

"Binti, umeolewa?"

"Nimeolewa, Bibi."

"Mumeo yuko wapi?"

Machozi yakanitoka. Akanipapasa shavu.

"Usilie. Atakuja na inayofuata."

Wakamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, akaenda bila kugeuka. Nilibaki pale nikijua sikukosea kukataa. Mkataba wangu unaisha kabla ya Krismasi na sitasaini mwingine. Paa tutaezeka wote wawili.

Msalimie mama mkwe wangu, mwambie apumzishe mguu. Wifi Tumaini mbusu kwa ajili yangu, na shemeji Daudi atume zile picha za harusi alizotuficha.

Chumba cha Bibi ni kitupu. Asubuhi hii nimekunja mashuka yake, na hakuna aliyeniuliza kama nimeolewa. Basi nakuambia wewe.

Nimeolewa, Elia.

Mkeo,
Neema