Mwandishi wa Pili

Jumatatu, 3 Machi
Jarida la lugha linafunga mlango wa kupokea makala Jumatatu ijayo. Makala isizidi maneno elfu saba. Yangu imezidi mia tisa! Yangu — yetu. Inahusu kwa nini watu hawaachani upesi kwenye simu: haya, haya basi, haya wasalimie — na bado wapo. Nusu aliiandika mume wangu, Bwana Mkato, mpenda koma kuliko wali. Kisha akaniachia nusu yangu na nyumba nzima.

Jumanne, 4 Machi
Leo kufuta. Wanaoipima makala hawatakiwi kujua nani kaiandika, kwa hiyo kila alama yetu iondoke: majina, shukrani, "katika utafiti wetu wa awali". Hata kwenye simu tulizorekodi, mimi ni A, yeye ni B. Kurasa nne A na B wanaagana! B anauliza kama anunue mkate. A anasema haya. B anasema haya basi, kisha anauliza tena habari ya mkate.
Nimekata maneno mia tano. Ya B sijayagusa.

Alhamisi, 6 Machi
Binti yangu kapiga. Nikamwambia kwenye fomu ya jarida, wanayoiona wahariri tu, nataka jina la baba yake libaki, mwandishi wa pili. Akasema niweke langu tu, marehemu hapandi cheo. Halafu akataka kujua kwa nini bado naichaji simu ya baba yake. Nikasema betri ikilala inaharibika.
"Mama, hakuna anayempigia."
Kisha haya, baadaye — kakata. Haya moja! Kizazi hiki kitatumaliza watafiti. Nikacheka, nikageuka nimwambie mtu. Kiti tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nilimwuliza mhariri kuhusu jina lake; kajibu, mpole kweli. Inawezekana, anasema: niandike "marehemu" mbele ya jina lake, nithibitishe kwa niaba yake.
Neno moja. Nimekata mia tisa, nashindwa kuongeza moja.

Jumapili, 9 Machi
Nimeliandika. Nimelifuta. Nimeliandika tena.
Pembeni mwa ukurasa wa kumi na moja kuna maoni yake, hayajafutwa: "Hapa hujanishawishi. Tuzungumze." Hatukuwahi. Maoni yote lazima yaondoke kabla ya kutuma, la sivyo jina lake litaonekana. Nimezunguka nyumba, nimepanga marejeleo, nimefua pazia ambalo halikuwa chafu. Mwisho nimemjibu mumo humo, mistari mirefu, hoja kwa hoja. Sijui kama nimemshawishi. Nimefuta yake na yangu pamoja.
Nimelia, basi. Nina upweke, na sina wa kubishana naye.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi. Nimetuma!
Kwenye fomu, pa mwandishi wa pili, nimeweka jina lake na barua pepe yake. Peke yake, bila lile neno. Hakuna aliyeuliza kama yupo, sikusema uongo — najitetea kama mtoto aliyeiba sukari. Nikaenda kuosha kikombe.
Simu ikalia. Si yangu. Ile ya kwake, mezani, kwenye chaja.
Barua pepe mpya, ya jarida: Ndugu mwandishi, mwenzako amewasilisha makala kwa majina yenu nyote wawili. Tafadhali thibitisha kwamba mliandika pamoja. Chini vitufe viwili. Ndiyo. Hapana.
Ina joto mkononi. Haya, nimeiambia. Haya basi. Bado nimeishika.