Printa Yenye Miguu

Tarehe 6 Oktoba. Leo natimiza miaka miwili na miezi mitatu tangu nitoke nyumbani.

Mpendwa mshauri, pokea salamu za mtu wa mbali, naomba unisaidie, maana jambo langu ukilisimulia watu wanacheka ila mimi linaniumiza. Ni fundi bomba, shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo ukiona sentensi zangu hazina breki nivumilie. Kampuni imetuleta kukarabati bweni la wanafunzi wa chuo, ghorofa nne, mabomba yote yameoza, na sisi mafundi tunalala humo humo vyumba vya chini. Binti yangu nilimwacha ana miezi mitano, sasa anakimbia, na akiulizwa baba yuko wapi anaonyesha simu iliyo juu ya kabati. Saa ya kuonana naye ni moja tu, mapumziko yangu ya mchana, kwa sababu kwao ndiyo jioni na mama yake ametoka kazini, mimi nikimaliza kazi wao wamelala zamani. Kifurushi changu kinakata kabla mtoto hajamaliza kunionyesha meno. Mtandao wa bweni una kasi kweli, lakini ni wa wanafunzi peke yao, na kila chumba kinaandikisha vifaa vitatu, basi.

Sasa siku moja nazibua sinki la chumba namba kumi na nne, mwenye chumba ni binti wa mwaka wa mwisho, akanisikia napigia kelele simu, "Unaniona, mama? Unamwona baba?" na mtoto ameganda kwenye kioo kafumba jicho moja. Akasema, "Fundi, lete hiyo simu." Yeye alikuwa na vifaa viwili, simu na kompyuta, nafasi ya tatu akaniandikisha mimi, na kwa kuwa simu mbili haziruhusiwi kwa chumba kimoja akaandika kuwa ni printa. Miezi saba, mshauri, mimi ni printa.

Kosa ni langu. Aliniambia nikae pale pale kwenye korido karibu na mlango wake, lakini mtoto akisema "Baba, maji!" anataka kuona ninapofanyia kazi, nami nampeleka jikoni, bafuni, mpaka kwenye matangi ya paa. Wiki iliyopita bwana anayesimamia mtandao akaingia ukumbi wa chakula na karatasi mkononi.

"Jamani, kuna printa ya chumba kumi na nne. Jumatatu ilikuwa jikoni. Jumanne ikapanda paa. Mwenye kuijua atuambie inakula nini."

"Labda inatafuta wino!" akajibu mmoja, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, simu iko mfukoni.

Binti wa watu ameitwa kwa msimamizi wa bweni Ijumaa ya tarehe 24. Wanaweza kumfungia mtandao mpaka muhula uishe, na ndio kwanza anaandika kazi yake ya kumalizia chuo. Nilipomfuata akaniambia, "Nyamaza tu, Fundi. Nitasema printa niliiuza. Wewe una mtoto." Mke wangu naye anasema, "Baba nanihii, hujaulizwa, unajibu nini? Mkataba ukikatwa tutakula huo ukweli?" Nikinyamaza, yule binti anaumia kwa ajili yangu. Nikisema, labda kazi inakwenda, na mtandao unakwenda hakika, na mwanangu ataangalia juu ya kabati asimwone mtu. Nifanyeje?

Mkataba unaisha mwezi wa nne. Tarehe kumi Aprili, Mungu akinijalia, nategemea kuingia kwangu.

Fundi Bomba

*

Fundi, nilicheka mpaka nilipofika pale ulipocheka wewe. Hapo niliacha. Mtu mzima unasimama katikati ya ukumbi na printa mfukoni, unamcheka binti aliyekusitiri?

Pole kwa umbali. Kumtamani mwanao si kosa, na aliyekuhurumia ana moyo mzuri. Ila moyo mzuri uliandika uongo, na sasa unataka kuuongezea uongo wa pili, kwamba printa imeuzwa. Akiulizwa aliyeinunua atamtaja nani? Kwa kosa la kwanza anaweza kuonywa tu. La pili litaonekana ni tabia.

Mkeo naye simlaumu, anaogopa njaa. Mwambie hivi: yule bwana wa mtandao ana karatasi inayoonyesha printa ilipita kila mahali mabomba yalipofunguliwa. Unadhani hajui kuhesabu? Ni afadhali wakusikie kuliko wakushike. Siwezi kukuapia kwamba hutaadhibiwa. Lakini maji ya ghorofa nne bado yanavuja, na fundi anayejileta mwenyewe hatimuliwi upesi kama anayefumwa.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Leo mwone binti huyo umwambie unakwenda, usimshtukize. Kisha msimamizi wako wa kazi, asije akayasikia kwenye korido. Alhamisi, kabla hujavaa ovaroli, piga hodi kwa msimamizi wa bweni, wewe na binti mkiwa pamoja, simu iwe mezani. Sema, "Printa ni mimi." Yeye akiri alichoandika, wewe ukiri ulichotumia. Usilie, usimtangulize mtoto kama ngao.

Ukishamaliza kukiri, omba. Nusu saa ya mtandao wa wageni, wakati wa mapumziko, kwa jina lako na kazi yako. Miezi saba umepita dirishani, Fundi, na mlangoni hujawahi kupiga hodi hata mara moja! Hujui kama watakataa, kwa sababu hujawauliza. Nanyi mafundi mko wangapi humo chini mnaotamani kuona watoto wenu? Ombeni wote.

Wakikataa, Jumapili ni yako: toka getini, tafuta penye mtandao wa kulipia, zungumza naye mpaka achoke yeye. Siku nyingine jirekodi ukifungua bomba na maji yakitoka, mtumie jioni, aamke nayo asubuhi. Na hiyo tarehe kumi Aprili usiniandikie mimi tu. Mwambie mama yake aichore ukutani, mtoto awe anafuta siku moja moja.

Mwanao anadhani baba yake ni simu. Mtandao unadhani simu hiyo ni printa. Alhamisi asubuhi aingie mtu ofisini mle, kwa miguu yake, na Aprili mtu huyo huyo ndiye atakayebisha hodi kwa mwanao.