Namba Sita Nilizomsomea Ishimwe

Shikamoo mshauri wa redio. Mimi ni Felisita wa Nyamiaga, hapa Ngara, shule niliishia darasa la saba, naomba unisikilize maana tangu Jumanne natembea kama mtu aliyesahau alichokwenda kuchukua.

Mume wangu Bartholomayo alifariki mwaka jana mwezi wa tano, na simu yake naitumia mimi, hata picha yake sikuibadilisha, na kwenye WhatsApp mna sauti yake aliyonitumia siku alipokwama Benako kwa mvua, anasema, "Mama Alfonce, usiningoje, kula, nami nitakula nikifika," mvua inasikika juu ya bati, halafu anakohoa kidogo na kucheka, na mimi asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni huisikiliza nikichambua maharage, naona kama yupo chumba cha pili anatafuta viatu.

Miaka hii ya wakimbizi watu wengi wa Burundi wamepita kwetu, wakala, wakaenda kambini, na Bartholomayo akawaweka kwenye kundi moja la WhatsApp wasipoteane. Pale walipopokelewa, watu walitafutana kwa namba za kwenye karatasi zao za kuandikishwa ukimbizi, naye alisimama akiwasomea wasiojua kusoma, kwa sauti kubwa, mpaka mtu aitikie. Mimi nikazoea kwamba namba husomwa ili mtu apatikane.

Sasa Jumanne kijana wetu Ishimwe, aliyekaa kwetu wiki mbili, akaandika, "Mama, nimepoteza karatasi, namba yangu mpya imeletwa kwenye simu yako, tarakimu sita, nisomee." Kweli ujumbe ulikuwa umeingia, maneno ya Kiingereza, nikaziona tarakimu, nikamtumia nikifurahi kwamba hivyo ndivyo Bartholomayo angefanya. Hapo hapo WhatsApp ikajifunga, na sauti siioni tena.

Alhamisi akanipigia Bukuru, mama aliye kambini, analia kwa furaha. "Mama, huku walisema Baba amefariki, nikaomboleza siku tatu! Kumbe waongo! Ameniandikia leo, anataka nimsomee namba sita." Mshauri, nilisema mtandao mbaya, nikakata. Nikuambie ukweli, nilitaka kumuuliza, amesema nini kingine?

Wiston, mdogo wake marehemu, anasema, "Shemeji, mwizi yumo ndani ya simu. Lete niifute yote, iwe kama ilivyotoka dukani."

"Na sauti ya kaka yako?"

"Shemeji, unafuga mwizi kwa ajili ya kikohozi?"

Atakuja Jumapili baada ya misa. Je, nimpe simu?

Felisita, Nyamiaga

*

Marahaba, Felisita, na pole sana. Usimpe.

Wiston ana nia njema, lakini anamsaka mwizi kwenye nyumba asimokuwamo. Mwizi hayumo ndani ya simu yako. Yuko huko aliko na simu yake, anaandika kwa namba ya marehemu kwa sababu ulimfungulia kwa tarakimu zile. Ukiifuta simu, yeye ataendelea kuandika, na wewe utakuwa umeipoteza sauti bure.

Aliyekuandikia hakuwa Ishimwe. Ishimwe naye bila shaka aliombwa namba hivyo hivyo akatoa, na ndivyo wanavyoruka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Nikukaripie kidogo. Ulipata ujumbe usiouelewa ukatoa kilichomo. Kile Kiingereza kilisema usimpe mtu yeyote namba hii, na mwalimu yeyote hapo Nyamiaga angekusomea. Tena Ishimwe ana simu: ungempigia kwanza usikie anaongea. Namba za karatasi zilisomwa hadharani na ilikuwa kazi njema. Hizi zinazoingia kwenye simu bila wewe kuziomba, hazisomewi mtu, awe mwanao, awe padri.

Basi usiiondoe WhatsApp. Ifungue, andika namba ya simu ile ile, utaletewa tarakimu sita nyingine, ziingize wewe mwenyewe. Yeye atatolewa papo hapo na sauti utaikuta mahali pake. Ikikudai namba nyingine usiyoijua, ujue ameweka kufuli lake. Ngoja siku saba ujaribu tena, na katika siku hizo usifute kitu. Ukishaingia, weka namba yako ya siri ya kufungia akaunti, usiiandike nyuma ya simu. Halafu nenda kwa fundi akunakilie ile sauti kwenye kadi ya kumbukumbu, nawe ukae hapo hapo mpaka amalize, maana simu nazo hutumbukia kwenye ndoo.

Ila kuna jambo la kutangulia hayo yote. Kabla hujazima redio, mpigie Bukuru. Ulimkatia kwa sababu kwa dakika moja ulitamani awe anasema kweli, na sikulaumu, nani asingetamani? Lakini yule mama anamwamini anayemwandikia, na leo au kesho atamsomea namba zake, kisha watu wa kambi nzima wataanza kuombwa kwa jina la Bukuru. Mwambie hivi: "Bartholomayo alifariki, tulimzika hapa Nyamiaga, anayekuandikia ni mwizi, usimpe chochote." Utalia kabla hujafika mwisho. Lia, kisha uimalize.